Kuvuka Vilele vya Ngong Peke Yako kwa Siku Moja ya Jua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ya mtu anayetaka kuvuka vilele vya Ngong, kutoka upande wa mji wa Ngong, kaskazini, hadi Kona Baridi, kusini kwenye barabara ya Magadi, akiwa peke yake, kwa mchana mmoja, siku ambayo anga ni safi. Siku kama hiyo watu hujiandaa kidogo kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu jua likiwaka na majani yakiwa makavu, milima hii huonekana kama kichuguu cha nyuma ya nyumba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inahusu mambo ambayo anga safi huyaficha.

Milima ya Ngong iko wapi hasa, na ina vilele vingapi?

Iko katika kaunti ya Kajiado, kusini-magharibi mwa Nairobi, takriban kilomita 25 kutoka katikati ya jiji. Ni mgongo mmoja mrefu unaotoka kaskazini kwenda kusini kwenye ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa. Wanajiolojia wanaueleza kuwa ni masalio ya volkeno iliyolipuka zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita. Ardhi ilipopasuka na bonde likadidimia, upande wa magharibi wa volkeno hiyo ulizama pamoja nalo, na uliosalia juu ndio huu tunaoutembea. Ndiyo maana unapofika kwenye mgongo unaona nchi mbili tofauti: mashariki kuna miteremko yenye vichaka na msitu inayoshuka kuelekea Karen na Nairobi, na magharibi ardhi inaporomoka kwa ngazi kubwa kubwa hadi kwenye bonde kavu.

Kuhusu idadi ya vilele, jibu linategemea mahali uliposimama. Ukiitazama milima hii kutoka Nairobi, jicho huhesabu vinne, kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, na ipo simulizi ya kale kwamba jitu moja lilijikwaa kwenye Kilimanjaro, likaanguka, na alama ya mkono wake ndiyo vilele hivi. Watembeaji, kwa upande wao, huzungumzia vilima saba, kwa kuwa miguu huhesabu kila panda-shuka hata ile isiyoonekana kwa mbali. Sioni sababu ya kubishana. Mwenye kuhesabu kwa miguu ana haki ya hesabu yake. Kilele cha juu kuliko vyote ni Lamwia, chenye mita 2,460, nacho kiko karibu na mwisho wa kusini. Kwa Wamaasai, milima hii ni Oloolaiser.

Safari nzima ni ndefu kiasi gani, na itanichukua saa ngapi?

Ni kilomita 10 hadi 12 kwa upande mmoja, kulingana na mahali unapoanzia. Anayetazama ramani hudanganyika kwa urahisi, kwa sababu tofauti ya kimo kati ya mji wa Ngong na Lamwia haifiki hata mita 600, naye akadhani kuwa kazi yote ni hiyo. Mgongo wa Ngong, hata hivyo, hukupandisha, ukakushusha, kisha ukakudai upande tena kile ulichokwisha kukipanda, na hufanya hivyo kila baada ya kilele.

Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, na saa nyingine moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme umbali wako ni kilomita 11 na jumla ya miinuko yote ni mita 700. Kanuni itakupa saa tatu na dakika ishirini hivi, bila kupumzika, bila kupiga picha na bila upepo wa ana kwa ana. Mimi huongeza nusu ya muda huo juu yake, na sijawahi kujutia. Mtu wa kawaida ajipangie saa tano.

Ni miezi gani yenye anga safi kweli?

Januari na Februari ndiyo miezi ya kutegemewa zaidi. Mvua za masika hushika kati ya Machi na Mei, na za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba; nyakati hizo udongo wa Ngong hugeuka utelezi unaonata kwenye viatu, na hakuna haja ya kueleza zaidi. Kosa linalowapata wengi ni la miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kalenda huiita kipupwe, mvua ni haba, na msafiri hupanga safari akiamini kuwa msimu wa ukavu ni msimu wa jua. Ukweli ni kwamba katika miezi hiyo mawingu mazito hukaa juu ya Nairobi na nyanda zake kwa siku nyingi, na juu ya mgongo unaweza kutembea ndani ya ukungu tangu asubuhi hadi adhuhuri usione kilele kinachofuata. Ukavu si sawa na uangavu. Septemba anga huanza kufunguka tena.

Soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya jioni ya kuamkia safari, kisha toka nje alfajiri utazame mwenyewe. Ikiwa unaweza kuiona milima yote kutoka mjini bila kofia ya wingu, umepata siku.

Je, ninahitaji kibali au kiingilio?

Ndiyo. Eneo hili liko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na kiingilio hulipwa langoni upande wa Ngong. Viwango hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, na hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo uliza kabla ya kwenda. Beba kitambulisho, na hakikisha una salio kwenye simu, maana anayetegemea noti pekee huweza kukwama langoni huku asubuhi nzuri ikimpita.

Je, ni salama kutembea peke yangu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na halistahili jibu la neno moja. Hatari za kutembea peke yako Ngong ni za aina mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya binadamu. Kwa miaka mingi watembeaji wameripoti kuporwa simu na pesa kwenye sehemu zilizojificha za njia hii. Sehemu ya kaskazini, yenye mitambo ya kufua umeme kwa upepo, huwa na watu wengi mwishoni mwa juma: familia, vikundi vya wafanyakazi, vijana wanaopiga picha, wauza maji. Ukiisha kuivuka na kuelekea Lamwia, watu hupungua haraka, na siku ya kazi katikati ya juma unaweza kutembea saa nzima usikutane na mtu isipokuwa mchungaji. Kwa sababu hiyo, uwezekano wa kuwa peke yako kabisa ni mkubwa pale pale ambapo msaada uko mbali zaidi. Ninayemshauri kwa mara ya kwanza humwambia achague Jumamosi, au aajiri askari wa misitu, ambao hupatikana langoni kwa malipo ya ziada.

Ya pili ni ya mlima wenyewe, nayo haizungumzwi inavyostahili. Wawili wakitembea, mmoja akianza kupepesuka kwa jua au kunyamaza kuliko kawaida yake, mwenzake huona. Mmoja akisema “tuendelee kidogo tu,” mwingine hutazama saa. Ukiwa peke yako, anayechoka na anayeamua ni mtu yule yule, na akili iliyochoka ni hakimu mbaya wa uchovu wake. Hapa ndipo siku ya jua inapoleta shida, maana mvua na ukungu humrudisha mtu nyumbani bila kuuliza, lakini anga la buluu humwambia kila mara kuwa bado mapema. Dawa yake ni kuamua mambo makubwa ukiwa bado nyumbani, na kuyaandika: saa ya kugeuka, kiasi cha maji ambacho kikifikiwa hupandi tena, na jina la mtu atakayekungoja.

Wanawake wengi huvuka njia hii, baadhi yao peke yao. Sina ushauri wa pekee kwao ambao si halali pia kwa mwanamume, isipokuwa kwamba askari wa misitu ni gharama ndogo ukilinganisha na siku nzima ya kugeuza shingo nyuma.

Nikiajiri askari, je, bado ninatembea peke yangu?

Kwa hesabu ya vichwa, hapana. Kwa hesabu ya maamuzi, ndiyo kwa sehemu kubwa. Askari wengi hutembea hatua kadhaa nyuma au mbele, huzungumza ukizungumzishwa, na hukuachia mwendo wako. Mweleze mapema kuwa unapenda ukimya, hatachukia. Kumbuka tu kwamba na yeye hunywa maji na hula, na ni adabu kuuliza amebeba nini kabla hamjaanza.

Kwa nini wengi huanzia Ngong badala ya Kona Baridi?

Kwa sababu lango liko huko, na kwa sababu njia ya kaskazini hukupa muda wa kupasha miguu moto. Ukianzia Kona Baridi, kipandio cha kwanza ni cha Lamwia, kirefu na kikali, na utakipanda ukiwa hujapata hata jasho la kwanza. Lakini anayeanzia Ngong naye ana deni lake: Lamwia humngoja mwishoni, saa ambayo jua limefika utosini na chupa ya maji imekuwa nyepesi. Ukifika chini ya kipandio hicho, kaa chini dakika kumi kivulini kama kipo, ule kitu, kisha ujiulize kwa uaminifu. Kurudi Ngong kutoka hapo ni safari ndefu, na kwa hiyo swali la kugeuka ni bora liulizwe kilele kimoja kabla.

Nianze saa ngapi?

Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hiyo hakuna siku ndefu ya kukuokoa kama ilivyo majira ya joto ya Ulaya. Ukiwa langoni saa moja au saa moja na nusu asubuhi, utavuka mitambo ya upepo kukiwa na ubaridi, utafika Lamwia kabla au karibu na saa sita mchana, na utakuwa Kona Baridi saa nane. Saa ya kugeuka ninayoipendekeza ni saa saba mchana: popote utakapokuwa saa hiyo, ikiwa Lamwia haijapatikana, rudi ulikotoka. Ndugu zetu wanaosoma ukurasa huu wakiwa ughaibuni, wakikusudia kutembea watakapokuja likizo, wasisahau kuwa saa hizi ni za Kiswahili. Mmoja niliyemwelekeza “saa moja” alifika langoni adhuhuri.

Kwa kuwa hakuna mvua, niache koti nyumbani?

Usiache. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Lamwia iko mita 700 hivi juu ya jiji, kwa hiyo tayari umepoteza nyuzi 4 au 5 kabla ya kuhesabu upepo. Nao upepo wa Ngong si wa kubeza. Haukuwekewa mitambo ya umeme kwa bahati. Ukipanda unatoka jasho, ukisimama kileleni upepo hulikausha jasho hilo mwilini, na ndani ya dakika chache meno yanagongana chini ya jua kali. Koti jepesi la kuzuia upepo linatosha.

Upepo huo huo una hila nyingine, kwamba hukuficha ukali wa jua. Mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa hiyo mtu aliyezoea jua la Mombasa asijidai kuwa amekomaa. Jua la Lamwia linazidi lile kwa karibu robo, ila hapa halitoi jasho la kumwonya. Vaa kofia yenye kamba ya kidevuni. Yangu isiyo na kamba iko mahali fulani kwenye Bonde la Ufa. Paka mafuta ya kukinga jua hata kama ngozi yako ni nyeusi, na usisahau midomo, masikio na nyuma ya shingo, kwa kuwa unapotembea kutoka kaskazini kwenda kusini asubuhi jua litakupiga upande wa kushoto kwa saa nyingi mfululizo.

Nibebe maji na chakula kiasi gani?

Lita 3. Hakuna chemchemi wala bomba kwenye mgongo, na wauza maji hukaa upande wa kaskazini tu. Kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo, usisubiri kiu, kwa sababu upepo hukausha mwili bila kukuonyesha jasho. Ongeza pakiti moja ya chumvi za kuongezea maji mwilini, zile zinazouzwa kwenye duka lolote la dawa. Chakula kiwe cha kulika ukiwa umesimama: ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha, chapati iliyokunjwa. Viazi vitamu vya kuchemsha ni chakula bora cha mlimani, ingawa vijana siku hizi huona aibu kuvitoa begini.

Je, ninahitaji buti maalumu?

La. Viatu vya michezo vyenye soli ya meno vinatosha wakati wa ukavu. Kinachohitajika ni nafasi ya kidole mbele, kwa kuwa mteremko wa kutoka Lamwia husukuma vidole kwenye ncha ya kiatu kwa muda mrefu, na mwenye kiatu kinachobana huonekana kwenye matatu ya kurudi akiwa amevua. Vumbi kavu juu ya mwamba huteleza kama mchanga juu ya sakafu. Kata hatua fupi.

Je, mwinuko huu unaweza kuniletea ugonjwa?

Ugonjwa wa milimani huwa nadra chini ya mita 2,500, na anayeishi Nairobi hana wasiwasi. Aliyefika jana kutoka pwani atahema zaidi ya kawaida na apunguze mwendo. Kichwa kikiuma huku, sababu ya kwanza ya kushuku ni jua na upungufu wa maji.

Nitaona nini siku ikiwa safi?

Asubuhi na mapema, kabla joto halijainua vumbi, utaiona Nairobi yote na mbuga yake upande wa mashariki. Kaskazini-mashariki, umbali wa karibu kilomita 160, Mlima Kenya huweza kutokeza juu ya ukungu kama jino. Upande wa kusini, kilomita 200 hivi, theluji ya Kilimanjaro huonekana siku chache zilizobarikiwa. Upande wa bondeni kuna mlima Suswa na, nyuma yake kaskazini, mlima Longonot wenye mita 2,776. Kusini-magharibi ni mlima Olorgesailie, na ng’ambo yake mng’ao mweupe wa Ziwa Magadi. Mlima Kenya na Kilimanjaro hufunikwa na mawingu mapema, mara nyingi kabla ya saa nne, kwa hiyo anayeanza saa nne huambiwa tu kuwa ilikuwapo.

Mitambo ile mikubwa ni ya nini?

Ni ya kufua umeme kwa upepo. Mitambo miwili ya kwanza iliwekwa mwaka 1993, na tangu mwaka 2009 kampuni ya KenGen imeongeza mingine hadi kufikia uwezo wa megawati 25.5. Usikae chini ya panga zake kula chakula, na usipande nguzo.

Je, kuna wanyama hatari?

Nyati wamejulikana kwa muda mrefu kwenye msitu wa miteremko ya mashariki, na hiyo ndiyo sababu ya kutosha kutokata njia ya mkato kupitia vichakani; kaa kwenye mgongo ulio wazi. Utakaowaona kwa hakika ni ng’ombe, mbuzi na kondoo wa Wamaasai. Pisha kundi kwa upande wa juu, usipite katikati yake, na msalimie mchungaji kwa “sopa.” Salamu hii si ya adabu tu, kwani mchungaji aliyekuona saa tano ndiye shahidi wa pekee atakayesema ulielekea wapi. Mbwa wa mifugo hubweka sana. Simama, usikimbie, mwenyewe atawaita.

Nikiteguka mguu nikiwa peke yangu, nifanye nini?

Kaa chini kwanza. Vaa koti kabla hujahisi baridi, kisha toa simu. Mtandao ni mzuri kwenye sehemu kubwa ya mgongo kwa kuwa minara iko juu pale pale na jiji liko mbele yako, lakini ukishuka upande wa bondeni waweza kuupoteza. Ndiyo sababu nyingine ya kutoiacha njia ya juu. Piga 999 au 112, na pia namba ya lango ambayo uliichukua wakati wa kulipa. Eleza upo kati ya kilele gani na gani, na utume mahali ulipo kwa ramani ya simu kwa yule anayekungoja nyumbani. Kama huna mtandao, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha rudia. Sauti ya binadamu haifiki mbali kwenye upepo ule. Ya filimbi hufika.

Yule anayekungoja awe amekubali kazi hiyo waziwazi. Mwachie saa ya kuanza, njia, na saa ambayo asipopata ujumbe aanze kupiga simu. Saa kumi na nusu jioni ni muda mzuri, kwa sababu bado kutakuwa na saa mbili za mwanga.

Mawingu yakianza kujengeka mchana, nitajuaje kama ni hatari?

Vipande vyeupe vilivyotawanyika si tatizo. Tatizo ni wingu linalokua kwenda juu kama ukuta na kugeuka jeusi chini. Ukisikia ngurumo, tayari uko karibu vya kutosha kupigwa na radi, na kwenye mgongo usio na miti kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Shuka upande ulio rahisi zaidi, mbali na minara, mitambo na uzio wa waya, na usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Nitafikaje, na nitarudije?

Matatu namba 111 hutoka Nairobi hadi mji wa Ngong, na kutoka hapo bodaboda hukufikisha langoni. Ukishukia Kona Baridi utakuwa kwenye barabara ya Magadi. Ngoja gari au bodaboda inayopanda kuelekea Kiserian, ambako chai na nyama ya kuchoma hazikosekani, kisha namba 126 hukurudisha jijini. Patana nauli ya bodaboda kabla ya kupanda, kwa sababu dereva anamjua mtu asiyeweza kuinua mguu tena. Ukiwa umeketi kwenye matatu, kabla usingizi haujakuchukua, mtumie yule anayekungoja ujumbe kwamba umeshuka.